Mstari wa Tisa Ambao Sikuupima

Ifrah, aabo wangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda Waberi kumuaga eeddo yako, na kama ninavyomjua dada yangu, hatawaachilia kabla ya magharibi. Nimepata saa mbili, labda tatu. Nimelifunga geti, nimezima simu, nimekaa barazani na daftari hili juu ya goti. Begi lako liko mlangoni. Ile fremu ya nondo uliyochomelewa jana sokoni imeegemea ukuta.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili, wakati nyumbani tunazungumza Kisomali siku zote na tunaitana aabo, yaani baba, mimi kwako na wewe kwangu. Kisomali nakisema, lakini shuleni sikufundishwa kukiandika. Kiingereza nilikitumia miaka mingi kuandikia ripoti, na mbele utaona kwa nini sikiamini tena mkononi mwangu. Kiswahili ndicho kilichobaki.

Mambo ya maji ya kuchemsha, chandarua, nani wa kumsalimia kwanza ukifika kazini Lafey na nani wa kutokaa naye chai, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema Jumatatu. Ulikuwa unatusimulia usaili wako, ukasema mmoja wa wale watu alikuuliza nani alikufundisha kuipenda kazi ya kupima ardhi iliyochimbwa, nawe ukajibu, "Baba yangu. Hakuna mtu aliyeijua ardhi ile kama yeye." Mama yako akanitazama. Mimi nikainuka nikasema nakwenda kuswali. Wakati wa swala ulikuwa bado, Ifrah. Nilikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka mlipomaliza kuzungumza.

Wewe unajua niliacha kazi kwa sababu ya mgongo. Hivyo ndivyo nilivyokuambia ulipokuwa na miaka kumi na moja, na hukuuliza tena. Mgongo wangu haujawahi kuwa na kitu.

Unapakumbuka Jasi, mahali nilipofanyia kazi. Nitaeleza hata hivyo, kwa sababu ulipaona kwa macho ya mtoto. Kabla hujazaliwa, kampuni ilichimba jasi pale, lile jiwe jeupe linalochanganywa kwenye saruji, saa nne kwa gari kutoka hapa mjini. Ilipomaliza iliacha mashimo manne, kila moja la kumeza msikiti. Ilitakiwa ifukie, irudishe udongo wa juu, ipande nyasi, iweke ua kuzuia mifugo, halafu kila baada ya mvua mtu apite na kupima. Nyasi zimefunika ardhi kiasi gani. Wanyama gani wamerudi. Mathenge, ule mti wa miiba unaovamia malisho, umeingia au haujaingia. Na kama udongo umezama au umepasuka mahali. Ardhi ingefunguliwa kwa wafugaji siku ambayo mtu huyo angeandika kwamba imepona. Mtu huyo alikuwa mimi.

Niligawa eneo lote katika mistari kumi na mmoja. Kila mstari una vigingi viwili, kamba inavutwa kati yake, na kila baada ya hatua kumi unalaza fremu chini na kuhesabu kilichomo ndani. Unayajua haya kuliko mimi sasa, umeyasomea chuo kikuu. Ila nataka ujue kwamba miaka mitatu ya kwanza niliifanya kazi hiyo vizuri. Naomba uniachie hilo. Ulikuwa na miaka minane nilipokuchukua likizo, ukalala kifudifudi kwenye mstari wa nne ukihesabu majani kwa kidole. Ukaona kirundo cha kinyesi kidogo kama punje za pilipili manga, ukaniuliza, "Aabo, nani amemwaga hapa?" Nikakuambia ni choo cha digidigi, dume na jike hurudi palepale kila siku, na wakishaanzisha choo mahali basi wameamua kukaa. Ukakimbia ukamtangazia dereva kwamba digidigi wamehamia. Siku ile nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa.

Mwaka uliofuata niliona miche mitatu ya mathenge kwenye mstari wa tisa, kando ya laga, ule mto mkavu wa kusini. Mitatu tu, mirefu kama kalamu. Ningeweza kuing'oa kwa mkono wangu nikaitupa juani. Niliandika kwenye ripoti kwamba iletwe timu ya kung'oa, kwa kuwa kung'oa haikuwa kazi yangu, kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Timu haikuja. Mvua ilipokuja ikawa vichaka, na mvua ya pili nilipokwenda nikakuta ukuta wa miiba unaonizidi kimo, kamba haipiti, na ndani kuna giza saa sita mchana.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote vizuri, hata mama yako. Wakati huohuo barabara yetu iliharibika. Si kwa mashimo. Watu wenye bunduki walisimamisha gari wakawashusha abiria, na miongoni mwa waliobaki pale chini wamekufa alikuwa mwalimu mmoja wa hisabati, mtu wa bara, ambaye wiki moja kabla nilikuwa nimempa lifti kutoka mjini. Alikuwa amebeba chaki na mkate. Alinikatia kipande cha mkate nikakataa, nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Sikutaka tu kula na mtu nisiyemjua.

Baada ya hapo nilianza kuogopa kwa namna ambayo sikuijua. Tawi likivunjika nilikuwa tayari nimelala chini. Nilikuwa nafika Jasi, napima mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mahali pa wazi ambapo naona mpaka kwenye upeo, na kadiri nilivyosogea kusini shati lilikuwa linalowa. Ule mathenge ulikuwa unanitazama. Najua miti haitazami. Lakini mtu akijificha mle ataniona na mimi sitamwona, na mawazo hayo yakishaingia hayatoki kwa kuambiwa ni ya uongo.

Mara ya kwanza nilisimama hatua hamsini kutoka kwenye kigingi, nikageuka. Nikamwambia dereva, "Nimemaliza." Nikaketi kwenye kivuli cha gari, nikafungua ripoti ya msimu uliopita, nikanakili tarakimu za mstari wa tisa. Nyasi nikaongeza kidogo, kwa sababu mvua ilikuwa nzuri. Mathenge nikaongeza kidogo pia, nisionekane mjinga. Penye safu ya nyufa na kuzama nikaandika: hakuna. Ilinichukua dakika tano. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilidhani mtu akidanganya kitu kikubwa hivyo mwili utamkataza. Mwili wangu ulipumua tu.

Nilirudia hivyo misimu mitatu.

Sasa nikuambie kuhusu Dahabo. Ulimwona mara moja, alikupa maziwa ya ngamia ukayatema akacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, wakati huo nadhani hajafika hamsini. Watu wake walitoka Eldas mwaka wa ukame mkubwa, wakapiga kambi nje ya ua wa Jasi wakisubiri ardhi ifunguliwe. Mumewe aliitwa Sahal. Mtu mpole, msemaji kidogo, aliyekuwa anatembea mikono nyuma kama anakagua dunia. Dahabo alizunguka ua ule na mbuzi wake kila siku ya Mungu, na alikuwa anaona kila kitu.

Alinijia msimu wa tatu wa uongo wangu, nikiwa pale kivulini na ripoti mapajani.

"Bare," akaniambia, "wale digidigi wa upande wa laga wameondoka."

"Digidigi huhama," nikamjibu.

"Hawa hawakuhama kwa kupenda. Choo chao kimekauka, na kimya cha pale sikipendi. Na mbuzi wangu, wakifika kwenye ua upande ule wanapiga kwato chini halafu wanarudi nyuma. Jana nimetupa jiwe ndani. Ardhi imelia kama debe."

Nikamwambia nitakwenda kuangalia.

"Lini?"

"Leo, inshallah."

Nilimtajia Mungu huku nikijua siendi. Alinitazama kidogo, akaniamini, akaondoka na mbuzi wake. Nilisubiri apotee kwenye vumbi, nikaandika: hakuna.

Wewe umesoma, unajua jasi ikikutana na maji inafanya nini. Inayeyuka. Maji ya mvua yalikuwa yanashuka kufuata mizizi ya mathenge, yanakula jiwe lililobaki chini ya kifusi, na juu udongo umebaki kama ganda la yai. Mtu mwenye macho angeona nyufa. Zilikuwa pale chini ya miiba, zaidi ya mwaka mzima, zinasubiri mtu wa kuziandika. Ndiyo maana waliniajiri.

Ripoti yangu ilipelekwa. Wakaja watu watatu kutoka Nairobi, wakatembea mistari ya kaskazini kwa sababu viatu vyao havikuwa vya miiba, wakapiga picha. Msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita Injinia, akanipiga begani mbele yao. "Huyu jamaa ndiye macho yetu," akasema. Ua ukafunguliwa. Siku ile kambi nzima ilishangilia. Sahal alikuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniombea kwa Mungu, akakutaja wewe kwenye dua kwa jina lako.

Mbuzi, ambao ua uliwazuia, sasa walikuwa huru, na maganda ya mathenge ni matamu. Njaa ikizidi, hata mbuzi aliyeogopa husahau. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Asubuhi moja baada ya mvua, mbuzi sita wakaingia kwenye kile kichaka cha kusini na Sahal akaingia kuwatoa.

Mimi nilikuwa kwenye kontena letu la ofisi nikinywa chai. Nilisikia kwanza sauti ya chini, kama lori linamwaga mchanga mbali, halafu sauti ya Dahabo. Hakulia. Alikuwa anaita jina la mumewe, anangoja, anaita tena.

Tulikimbia watu kumi au zaidi. Na mimi nilikimbia mbele kuliko wote, kwa sababu nilijua vigingi viko wapi. Niliingia mle kwenye mathenge kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu. Miiba ilinichana uso na mikono, wala sikuisikia. Ifrah, mle hakukuwa na mtu. Hakukuwa na unyayo, hakukuwa na jivu la moto, hakukuwa na ganda la risasi wala kipande cha karatasi. Hakuna binadamu aliyewahi kuketi mle. Miezi yote ile nilikuwa namwogopa mtu ambaye hakuwepo, na chini ya miguu yake palikuwa na kitu kilichokuwepo.

Shimo lilikuwa la upana wa chumba chako. Mbuzi wawili walikuwa wanalia chini. Sahal hakuwa analia. Tulifunga kamba yangu ya kupimia, ile ya mistari, kiunoni mwa kijana mmoja mwepesi wa kambi, tukamshusha. Akamfunga Sahal, tukamvuta. Alikuwa amekufa kabla hatujafika, shingo imevunjika. Tulimzika siku ileile kabla ya alasiri, na nilisimama safu ya mbele kwenye swala ya maiti, kwa sababu watu walinisogeza mbele wakisema, Bare alikuwa rafiki yake.

Jioni Injinia alituita. Alikuwa amefadhaika, sitaki nimseme vibaya kuliko alivyokuwa. Alikwenda kumpa Dahabo pole, akamwambia kwa Kiswahili, "Mama, hii ni mvua. Ni kazi ya Mungu."

Dahabo Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kilimtosha. Akasema, "Injinia, mvua ni ya Mungu. Hii shimo Mungu hakuchimba. Nyinyi nachimba."

Injinia akaniangalia mimi, nikaangalia chini. Tulipobaki wawili aliniambia, "Ripoti zako zinasema hakuna nyufa. Basi tutasema ilitokea ghafla. Ghafla ndiyo neno, Bare. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Yeye hakujua. Yeye alidhani ananilinda na bahati mbaya.

Nilikaa na neno hilo siku arobaini. Nilikuja nyumbani, nikawabebea zawadi, ukanipanda mgongoni. Nilikuwa siwezi kula nyama ya mbuzi, mkadhani ni tumbo. Mama yako ndiye aliyenitoa. Alinikuta bafuni nimekaa chini na nguo zangu, akafunga mlango, akasema, "Niambie kabla sijakutafutia sheikh." Nikamwambia. Akasema, "Mimi siwezi kukusamehe hili, si langu. Nenda kwa mwenyewe."

Nilikwenda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, saa nne nzima, na nilipofika mlangoni mwa kibanda chake yote yakaruka. Nikasema tu, "Dahabo, sikwenda. Siku ile uliponiambia, sikwenda. Na kabla ya hapo sikwenda pia. Niliandika bila kwenda."

Alikuwa anasuka kamba ya ngamia. Hakuacha kusuka.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Watu."

Akasuka vidole viwili vitatu vya kamba. "Sisi sote tunaogopa watu," akasema. "Mimi nililala pale na watoto wangu miaka minne nikiogopa watu. Ungeniambia, 'Dahabo, naogopa kuingia mle.' Ningekwenda nawe. Ningetangulia."

Sijasikia neno zito kuliko hilo maishani mwangu. Kwa sababu ni kweli, angetangulia. Njia ilikuwa rahisi hivyo na haikunijia kichwani hata siku moja, kwamba hofu ni kitu unachoweza kumwambia mtu mwingine kwa mdomo. Niliiona kama ugonjwa wa aibu. Nikaificha mahali ambapo hakuna atakayeitafuta, ndani ya tarakimu.

Wazee wa pande zote mbili walikaa siku mbili, wakamaliza kwa desturi yetu. Dahabo hakukaa kusikiliza walichoamua. Alinijia siku ya pili asubuhi akiwa na fimbo yake. "Mstari wa tisa najua," akasema. "Ni wapi pengine ulipoandika bila kwenda?"

Nikamwambia: nusu ya mstari wa nane. Na wa kumi wote, mara moja.

"Twende."

Tulitembea mimi na yeye kutwa nzima. Yeye mbele, anapiga ardhi kwa fimbo na kusikiliza, mimi nyuma na kamba. Kwenye mstari wa kumi fimbo ililia. Tukarudi nyuma taratibu kwa magoti. Tulizungushia miiba mahali pale, yeye akikata, mimi nikiburuta, na siku ya tatu mvua iliponyesha pakafunguka. Hakukuwa na mtu ndani wala mbuzi. Dahabo alisimama akatazama shimo lile, akafunika uso kwa shungi, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Niliandika barua kwa kila mtu aliyewahi kupokea ripoti yangu. Nilitaja misimu, mistari, na sababu. Nikafukuzwa kazi, na ilikuwa haki. Ua ukarudishwa upande wa kusini, na wakaja wataalamu kuchimba chini wakague upya. Ndipo niliporudi kukaa hapa mjini, nikafungua duka la dawa za mifugo, na wewe ukaambiwa ni mgongo.

Ifrah, sasa nifike kwenye hofu yangu ya leo.

Barabara ya Lafey naijua. Najua pale ambapo gari linapunguza mwendo na watu wote wanaacha kuzungumza. Unaniambia mtakuwa na askari, aabo usijali, na mimi nakujibu vizuri, lakini moyoni najua kwamba gari la askari ndilo linalotafutwa. Usiku nakaa kitandani nakupanga ndani ya gari: safari hii nakuweka dirishani, safari hii katikati. Hakuna kiti kinachofaa. Nimefikiria kukukataza. Ningeweza. Ungelia, ungebaki, ungekaa dukani ukiuza dawa ya kupe na ungenichukia polepole kwa adabu. Nilikuwa na maneno hayo tayari kinywani Jumanne, ukaingia ukiimba na ile ramani yako, nikayameza.

Na kuna hofu nyingine nyuma ya hiyo. Naogopa kwamba una damu yangu. Utafika pale, mashimo yaliyofukiwa, jasi ileile, laga, mathenge tayari umeshaota, nimeona kwenye picha zako. Siku moja utasikia jambo barabarani. Siku inayofuata kutakuwa na mstari mmoja ambao miguu yako itakataa. Watakuwepo watu wanaosubiri ardhi ifunguliwe, na mkubwa wako atasubiri ripoti, na kila mtu atakuwa mwema kwako. Hakuna atakayekulazimisha. Mimi pia hakuna aliyenilazimisha.

Siku hiyo usiende. Unisikie vizuri, kwa sababu utadhani nakuandikia haya ili uwe jasiri kuliko mimi. Sitaki ujasiri wako, nataka urudi hai. Usiende, lakini penye nafasi ya mstari ule uandike kwa mkono wako: sikufika. Uandike na sababu. Uache safu zote zilizobaki tupu, zikutazame. Watakasirika, watasema umechelewesha kazi, labda utaonekana mwoga mbele ya wanaume. Sehemu tupu haijamzika mtu. Kama ningeiacha ile tupu, Sahal angekuwa mzee leo, anatembea mikono nyuma.

Na ukiwaona wale wanawake wenye mbuzi nje ya ua, ukae nao. Si kwa ajili ya maziwa. Wanapita pale kila siku, wewe utapita mara mbili kwa mwaka. Mmoja akikuambia mnyama fulani haonekani, hata kama kitabu kinasema huhama, inuka saa hiyohiyo. Kama huwezi kuinuka kwa hofu, mwambie ni hofu. Huenda akatangulia.

Miche mitatu, ing'oe mwenyewe. Hata kama si kazi yako.

Jana nilimpigia Dahabo. Bado yuko kule, wanawe wamekua. Nilimwambia msichana wangu anakwenda kufanya kazi ileile, na nataka kumwambia kila kitu. Nikamuuliza, "Kisa hiki ni chako kuliko changu, unaniruhusu?" Nilisikia akiwafukuza mbuzi karibu na simu. Halafu akasema, "Mwambie. Lakini usimwambie kwamba mtu mmoja alikufa. Mwambie jina, na mwambie alikuwa mtu wa namna gani."

Kwa hiyo nimekuambia. Sahal. Alikuwa mpole, alipenda chai yenye iliki nyingi kuliko kawaida, hakuwahi kumpiga mnyama, na siku moja alikuombea kwa jina lako akiwa amenishika mkono.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, uikute huko ukiwa mbali na mimi nikiwa salama na uso wako. Nimebadilisha nia sasa hivi, nikisikia sauti zenu mkipinda kona, mama yako anacheka. Nitafungua geti, nitakupa mkononi. Utaingia chumbani uisome. Mimi nitabaki hapa barazani, sitakwenda msikitini mapema, sitajifanya nina mteja. Wewe ukimaliza, uje unitazame. Chochote utakachokuwa nacho usoni, aabo, usikifiche kwa kunihurumia. Nimekaa nakisubiri.

Baba yako,
Bare